Jumatatu za Kituruki

Kabla hajamimina chai yake ya asubuhi, Mkaguzi alikuwa ameshabadilisha lugha ya kompyuta yake. Jumapili, ambayo Riyadh ndiyo siku ya kuanza kazi, aliiweka kwenye Kiarabu. Jumatatu ilikuwa Kituruki, Jumanne Kiurdu, Jumatano Kiswahili, na Alhamisi aliirudisha kwenye Kiingereza kama watu wengine wa ofisini. Kituruki hakujua hata cha kuombea maji. Alikariri tu mahali vitufe vilipo, akawa anakwenda kwa kupapasa kama mtu anayetafuta swichi katika chumba cha ugenini.

Vijana walioandika programu walimfanyia mzaha. Mmoja wao, Msudani mwenye sauti nzuri ambaye ndiye aliyekuwa akituadhinia ofisini, hakupita mezani kwake bila kumuuliza, "Ya mama, leo uko nchi gani?"

"Leo niko Istanbul," Mkaguzi humjibu bila kugeuka. "Na programu yako imezuiliwa uwanja wa ndege."

Kampuni yetu ilitengeneza programu za zahanati. Mgonjwa akiingia anajiandikisha mwenyewe kwenye kioo cha kugusa kilichosimama mlangoni, na daktari akiandika dawa, programu inaangalia kama dawa hiyo ina madhara kwa mgonjwa huyo. Mimi niliajiriwa kwa ajili ya maneno ya Kiswahili ya kwenye kile kioo, ili mabinti zetu wanaofanya kazi za nyumbani huko mtaa wa Al-Malqa wakija kutibiwa waweze kusoma wenyewe bila kumtegemea madam. Ilikuwa kazi ya heri na ninamshukuru Mola kwa kunipa. Mkaguzi kazi yake ilikuwa kuijaribu programu kabla haijatoka, kutafuta ni wapi itakapoanguka. Likisemwa neno lake, "tayari", ndipo inatoka. Lisiposemwa, inabaki.

Mwanzoni nilitaka kumwita Mjaribu, kwa sababu ndivyo kazi yenyewe inavyosema. Akanishika mkono. "Aki Ustadha, tafadhali. Hilo kwa Biblia yetu ni jina la Shetani." Tukacheka hadi machozi, mimi Mwislamu wa Unguja na yeye Mkristo wa Kenya, wanawake wawili wenye mvi katika ofisi ya vijana. Akabaki Mkaguzi. Yeye aliniita Ustadha tangu siku alipojua kwamba jioni nawasomesha wanawake Qurani, na sikumsikia akiniita kwa jina langu hata mara moja.

Tulikaa jengo moja Al-Suwaidi, yeye ghorofa ya juu yetu. Mume wangu alikuwa akisahihisha vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji, na jioni aliporudi na macho yaliyochoka alikuta Mkaguzi ameshashusha sahani ya chapati, ameiacha mlangoni, amegonga na kuondoka. Hakupenda kushukuriwa. Ukimshukuru alitazama pembeni kama mtu aliyesingiziwa jambo. Ijumaa hakugonga. Siku hiyo alikaa chumbani na Biblia yake, na nikiwa jikoni nilimsikia kwa mbali akiimba kwa sauti ya chini, nami nikijitayarisha kwa Suratul Kahf. Sikuwahi kuona kwamba lake linalipunguza langu.

*

Lazima niseme habari ya penisilini, maana bila hiyo mtu hawezi kumwelewa.

Nilipokuwa mdogo nilichomwa sindano ya penisilini nikavimba koo, pumzi ikakatika. Mama yangu alikuwa ameshaanza kunisomea Yasini. Mwenyezi Mungu akanirudisha. Tangu hapo kila ninapokwenda kwa daktari, neno la kwanza ni hilo, kabla hata ya salamu. Nilimsimulia Mkaguzi siku ya kwanza tulipokula pamoja, tukiwa na kabsa, ule wali wa kuku wa huku, katikati yetu. Aliacha kula. Akaniuliza na dawa zote za ukoo huo pia? Nikamwambia ndiyo, zote. Akaniuliza, na ukiwa umezimia, nani atasema?

Nikamwambia Mungu atasema.

"Sawa," akasema. "Na sisi tumewekwa hapa tumsaidie kazi."

Siku ya pili yake nikakuta kwenye programu kuna mgonjwa mpya wa majaribio. Umri wangu, nchi yangu, na tahadhari yangu ya penisilini. Jina lake: Ustadha. Tangu siku hiyo kila jaribio lililohusu dawa lilifanywa juu yangu. Daktari wa uongo aliniandikia penisilini, na programu ilitakiwa itoe ukurasa mwekundu kumzuia. Ukurasa ukitoka, nimepona. Usipotoka, nimekufa.

Ikawa ndiyo salamu yetu ya mchana.

"Leo umeniua?"

"Leo uko hai, Ustadha. Lakini kesho ni Jumanne, na Wapakistani sijawajua vizuri."

Jumatano alikuwa akichoka kwa kukosa matata. "Hiki Kiswahili chenu ni cha upole sana," aliniambia. "Herufi zinajipanga tu kama watoto wa shule. Hakuna hata moja inaniletea shida."

"Chenu vilevile," nikamwambia.

"Wacha. Nyinyi wa Pwani ndio wenyewe. Sisi tumeazima, na tumekirudisha na mikwaruzo."

Jumapili alikuwa na mzaha wake mwingine. Kompyuta za huku zikiwekwa kwenye Kiarabu cha Saudia huhesabu tarehe kwa Hijria, basi tarehe yake ya kuzaliwa ilitokea mwaka wa elfu moja mia tatu na ushei. "Ona, Ustadha, mimi nimeishi na wafalme wa zamani. Niheshimuni."

*

Alikuwa na swali moja tu katika maisha, na alilitumia kwa kila kitu. Ukimwambia vitu viwili ni sawasawa, alikuuliza: "Kwa jicho gani?"

Nililichukulia kama tabia ya watu wa kompyuta, mpaka aliponikalisha akanieleza. Mashine, alisema, hutumia muda mwingi sana kulinganisha maneno. Hili ndilo jina alilolitaka mtu, au silo? Hii ndiyo dawa iliyokatazwa, au siyo? Watu wanadhani kulinganisha ni jambo moja. Ni mambo mawili. Kuna jicho la mtu, ambalo hufuata lugha ya mwenye kompyuta, likasamehe hili na kukataa lile kama desturi ya lugha hiyo inavyotaka. Na kuna jicho la mashine, ambalo halijui lugha yoyote. Linatazama alama kwa alama, zikifanana zote ni sawa, ikitofautiana moja si sawa; na hata likiambiwa lihesabu herufi kubwa na ndogo kuwa moja, hutumia kanuni moja kwa nchi zote. Mwandishi wa programu asiposema anataka jicho gani, mashine humchagulia yenyewe, na mara nyingi huchagua la mtu. Programu ileile inakuwa na akili moja Riyadh na akili nyingine mahali pengine, na hakuna aliyegusa kitu.

"Ndiyo maana usiniambie imefanya kazi," alimalizia. "Niambie imefanya kazi kwa nani."

Kwa mashine hakuamini kitu. Kwa watu aliamini kila kitu, na hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Siku moja alirudi kutoka sokoni na zafarani aliyouziwa kwa bei ya kutupa. Tukaitia kwenye chai, maji yakawa mekundu kama wino na harufu hakuna kabisa. Vilikuwa vinyuzi vilivyotiwa rangi.

"Lakini aliniapia," akasema. "Aliapa kwa Mungu, Ustadha. Kwa Kiarabu kabisa."

"Kompyuta ikikuapia unaiamini?"

"Kompyuta haina Mungu wa kumwogopa."

Tukainywa ile chai nyekundu. Mume wangu alisema ni nzuri, na yeye hasemi uongo isipokuwa wa kuwafurahisha watu.

*

Zahanati mpya ilikuwa inafunguliwa Jeddah, mtaa wa Al-Safa, na programu yetu ndiyo iliyokuwa iendeshe kila kitu humo. Huku Riyadh tayari ilikuwa ikitumika Al-Malqa bila malalamiko. Ilibaki saini ya Mkaguzi tu. Ilikuwa Jumatatu.

Alikuja mezani kwangu wakati najitayarisha kwenda kuswali Adhuhuri. Hakukaa.

"Ustadha, leo umekufa."

Nilidhani ni mzaha wetu, nikasema, "Inna lillahi. Kwa nini leo?"

"Simaanishi mchezo. Njoo uone."

Alinionyesha. Kompyuta yake ikiwa kwenye Kituruki, aliandika jina la dawa kwa herufi kubwa tupu, kama madaktari wengi wanavyoandika. Akabonyeza. Dawa ikapita. Hakukuwa na ukurasa mwekundu, wala rangi yoyote, ila maneno ya Kituruki ya upole ambayo nadhani yalisema asante. Akabadilisha mashine iwe ya Kiingereza, akaandika vilevile. Ukurasa mwekundu ukatoka papo hapo.

Sababu yake, kama nilivyoielewa, ni hii. Waturuki wana i mbili, moja yenye nukta na moja isiyo na nukta. Herufi kubwa I, ile isiyo na nukta juu, ukimwambia Mturuki aifanye ndogo atakupa ile i isiyo na nukta, na kwao hilo ndilo sahihi. Programu yetu ilikuwa ikichukua jina la dawa, inalishusha liwe la herufi ndogo kwa desturi ya lugha ya kompyuta, kisha inalilinganisha na jina lililowekwa kwenye orodha ya hatari. Kwenye Kiingereza yalilingana. Kwenye Kituruki jina la penisilini lilitoka limepoteza nukta zake zote, na mashine ikasema hii dawa siijui, mpeni mgonjwa.

Waliitana kwenye chumba cha mikutano, nami nikaitwa kwa kuwa ndimi mgonjwa. Meneja wetu alikuwa Msaudi, mhandisi mwenye adabu, ambaye aliniita khala, yaani mama mdogo, na hakuinua sauti yake siku zote nilizofanya kazi naye.

"Ya muhandisa," akamwambia Mkaguzi, "nani katika nchi hii ana kompyuta ya Kituruki?"

"Daktari wa meno wa Al-Safa, yule Mturuki," akajibu. "Mmemwajiri nyinyi wenyewe. Nilimpigia simu. Nilimuuliza kompyuta yake ataiweka kwa lugha gani. Ameniambia, ya mamake."

Yule Msudani akainama kuficha kicheko. Meneja hakucheka. Alisema siku ya kufungua imeshatangazwa, wageni wamealikwa, na kosa hilo litarekebishwa kwenye toleo linalofuata. Mkaguzi akasema atasaini toleo linalofuata.

"Unajua mkataba wako uko mezani kwangu wiki hii," meneja akasema. Sidhani alikusudia kutisha. Lakini mkataba ndio ikama, na ikama ndiyo kukaa nchini, kila mtu mle chumbani alijua, na wengi wetu tulikuwa wageni.

Mkaguzi alikunja mikono juu ya meza. "Basi ukae hapo hapo mezani, bosi. Mgonjwa huyu ni jirani yangu. Nikisaini, nitapanda vipi ngazi za nyumba yetu?"

Nilikuwa nasoma dua moyoni, na nakiri sikuwa naomba programu itengemae. Nilikuwa naomba asirudishwe kwao.

Meneja alinitazama mimi. "Khala, ni kweli dawa hii ina madhara kwako?"

"Ni kweli, mwanangu."

Akafunga faili lake. "Rekebisheni," akawaambia vijana. "Nitaongea na wenye zahanati." Akatoka. Heshima yangu kwake ilianzia siku hiyo, na dua yangu kwake haijakatika.

*

Hapo ndipo watu husimamisha hadithi kama hizi, mtu wa haki ameshinda. Lakini nilimjua Mkaguzi kwa miaka, na haitakuwa haki kwake nikamfanya malaika. Ushindi ule ulimpanda kichwani.

Aliwaambia vijana wasirekebishe dawa tu. Kila mahali, alisema, kila neno linalolinganishwa na lingine, wekeni jicho la mashine. Alama kwa alama. Hakuna desturi ya lugha yoyote, halas. Msudani alimwambia kwa upole kwamba majina ya watu ni jambo jingine. Akamjibu kwamba ndivyo walivyomwambia na kuhusu Waturuki.

Toleo lile lilianza kutumika Al-Malqa kwanza. Haikupita muda, bibi mmoja wa Kisaudi akasimama mbele ya kile kioo cha mlangoni, mjukuu wake akamwandikia jina, na kioo kikamjibu kwamba hajawahi kufika hapo. Alikuwa mgonjwa wao tangu walipofungua. Jina lake linaanza kwa alif. Karani aliyemwandikisha mwanzoni aliiwekea hamza, ile alama ndogo, juu yake, na mjukuu, kama Waarabu wengi waandikapo kwa haraka, aliiacha tupu. Kwa mtu yeyote asomaye Kiarabu ni jina lilelile. Kwa jicho la mashine ni watu wawili. Bibi yule, tukaambiwa, alikipiga kioo kwa bakora yake akasema, "Mimi nimesimama hapa, nawe unasema sipo."

Simu zikaanza kuingia. Kina Ahmadi nusu yao walikuwa wamepotea.

Mkaguzi alikaa mezani kwake bila kugusa chai. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hana swali. Jioni tuliporudi Al-Suwaidi hakushusha chapati. Nikapanda mimi.

"Nimewapoteza watu wa watu," akaniambia. "Bibi wa watu, na bakora yake."

Nikamwambia ngoja nikupe mfano wa kazi yangu. Ninapowasomesha wanawake Qurani, hakuna irabu ninayoisamehe. Fat-ha ikigeuka dhamma tunarudi mwanzo wa aya, hata mwanafunzi awe mzee kuliko mimi, kwa sababu pale kila alama ni amana. Kisha tukimaliza, mwanafunzi huyohuyo ananiandikia ujumbe kwenye simu, hauna irabu hata moja, hamza zimeachwa njiani, nami namwelewa na namjibu, wala simrudishi mwanzo. Ni mimi yuleyule, na macho ni hayahaya. Dawa zako ni kama msahafu. Watu ni kama barua.

Alichezea ukingo wa kanga aliyojitanda.

"Kwa hiyo kwa dawa, jicho la mashine."

"Naam."

"Na kwa watu, jicho la mtu."

"Naam, dada yangu."

"Na miaka yote nauliza watu wengine jicho gani," akasema, "na mimi nilikuwa na moja tu kama chongo." Akaanza kucheka, kidogo kidogo kwanza, kisha kwa nguvu hadi nikaogopa majirani. Asubuhi yake alikwenda kwa yule Msudani na bakuli la maharagwe ya nazi, akamwekea mezani, akamwambia, "Ulikuwa umesema. Sikuskia." Msudani akala yote.

Walirekebisha hivyo, majina kwa jicho hili na dawa kwa jicho lile, na Jumatatu iliyofuata Mkaguzi akasaini. Mkataba wake uliongezwa. Lakini uliongezwa kwa Jeddah, akakae kwenye zahanati ya Al-Safa ailee programu aliyoichelewesha. Hakujua kama ni adhabu au ni zawadi, nami sikujua. Alipoondoka aliniachia kikaango chake cha chapati. Sijawahi kuzipatia kama zake.

*

Miaka ikaenda. Tuliandikiana, tukatumiana sauti. Alihamia kampuni nyingine hukohuko Jeddah. Programu yetu ikapita mikononi mwa watu wapya, na kila lilipotoka toleo jipya alinitumia ujumbe wa wasiwasi. Alikuwa na hofu moja, kwamba atakuja kijana mwenye bidii, aone ile kanuni ya dawa imeandikwa tofauti na mengine, asijue sababu yake, na aisawazishe ipendeze. "Hawaondoi kwa ubaya, Ustadha," alisema. "Wanaondoa kwa usafi."

Mwaka jana Mwenyezi Mungu alituruzuku umra, mimi na mzee wangu. Tulipomaliza tukashuka Jeddah kumwona. Nikafika kwake na jino. Lilikuwa limeanza kuuma Makka, nikalistahamili nisije kukatisha ibada, na usiku ule shavu likajaa hadi jicho likafumba nusu. Maneno yalinitoka kwa shida. Asubuhi Mkaguzi aliniangalia mara moja tu, akachukua mkoba wake.

"Yalla. Tunaenda."

"Wapi?"

"Unajua wapi."

Mume wangu alibaki kwenye viti vya nje vya zahanati ya Al-Safa na tasbihi yake. Kioo cha mlangoni kilinisalimia kwa Kiswahili, kwa maneno yangu mwenyewe, nikayapitia kimoyomoyo nikitafuta kosa. Nikaandika jina langu kwa Kiarabu bila hamza yake, kwa uvivu wa maumivu. Kikanipata. Faili langu la Riyadh, la zahanati ya Al-Malqa nilikokuwa nikitibiwa, likaja lote. Mkaguzi alikuwa nyuma ya bega langu, nikamsikia akishusha pumzi.

Daktari alikuwa yuleyule Mturuki, sasa ana mvi, mtu mcheshi mwenye Kiarabu cha haraka kilichopinda. Akanitazama kinywa, akasema kuna usaha, dawa ya vijidudu kwanza, jino baadaye. Akaugeukia mtambo wake. Maandishi yote ya kwenye skrini yalikuwa ya Kituruki.

Nilifungua mdomo niseme neno langu la maisha yote. Mkaguzi akanishika kifundo cha mkono, taratibu.

"Subiri," akanong'ona. "Kidogo tu. Isipotoa, nasema mimi."

Nikasubiri. Nilijua hawezi kuniacha nimeze chochote, na nilijua pia anachokitafuta. Daktari aliandika kwa vidole viwili, kwa herufi kubwa tupu, kama waandikavyo. Nilisoma herufi zikitokea moja moja, na kila I ilisimama wima bila nukta. Vidole vya Mkaguzi vilikuwa baridi. Daktari akabonyeza.

Skrini ikawa nyekundu yote.

Daktari akarudisha mikono nyuma kama aliyegusa chuma cha moto. "Penisilini mafi, hakuna?" akauliza.

"Mafi," tukajibu wote wawili.

Alhamdulillahi. Nimesema neno hilo mara nyingi maishani, na mara nyingine ulimi unalisema wenyewe. Pale nililisema kwa shavu lililovimba na lilinitoka limevunjika, lakini lilitoka moyoni.

Nilidhani yamekwisha. Mkaguzi akamsogelea daktari. "Tafadhali, daktari. Iandike tena, kwa herufi ndogo."

"Kwa nini? Simpi."

"Andika tu."

Akaandika. Nyekundu. Akaombwa achanganye kubwa na ndogo. Nyekundu. Daktari alianza kuufurahia mchezo, akajaribu jina jingine la ukoo huo bila kuombwa, nayo ikawa nyekundu, akapiga kofi dogo. Mimi nimekaa kwenye kiti chao, taa usoni, nasubiri wamalize kuniokoa. Nimejifunza subira kwa walimu wengi, na yeye ni mmojawao.

Hatimaye daktari akaniandikia dawa nyingine, ya ukoo mwingine, akasema kabla sijaondoka ataniosha usaha kinywani. Kisha, akijaza sehemu ya mwisho, akatutazama: mimi na baibui langu la Kizanzibari, Mkaguzi na kilemba chake cha kitenge, paspoti mbili za nchi mbili mezani.

"Aliyemleta mgonjwa," akasoma. "Ni nani wake?"

Kabla sijapata neno, Mkaguzi akanyoosha mkono juu ya bega la daktari, akachagua mwenyewe kwenye orodha. Kwa Kituruki chake cha Jumatatu nyingi alijua lilipo. Niliuliza kwa ulimi mzito amechagua nini.

"Dada."

"Kwa jicho gani?" nikamuuliza.

Alinifunga kitambaa cha kliniki kifuani, akakivuta kikae sawa.

"La mtu, Ustadha," akasema. "Fungua mdomo."